Bartimayo katika Umati wa Kariakoo



Wiki hii tungependa kutafakari pamoja nanyi habari ya yule kipofu wa Yeriko, Bartimayo, anayesimuliwa na Mwinjili Marko. Tuangalie kwanza umati. Hao ndio waliomkemea anyamaze. Nao hawakuwa wapagani, walikuwa wakimfuata Yesu.

Mwezi Machi 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kupunguza karibu nusu ya watumishi wake. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wakawa wa kwanza kuingiwa na hofu, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 1975 serikali kuu ya nchi hiyo iliahidi kubeba sehemu ya gharama za elimu maalumu, ahadi ambayo haijapata kutimizwa kikamilifu. Kisha tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID, lililofadhili pia miradi ya elimu hapa Tanzania, likakoma kutoa misaada.

Pengine msomaji atauliza, yatuhusu nini sisi wa Gerezani? Yatuhusu sana. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, wanakosoma watoto wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na wenzao, haiko mbali nasi. Mpango wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016 ulizipangia shule za msingi ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hiyo yaweza kwisha kwa mlo mmoja wa marafiki watatu katika mgahawa wa Kariakoo. Mtoto asiyeona ahitaji mashine ya nukta nundu na karatasi zake nzito. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa. Fedha zikipunguzwa, darasa la kawaida hubaki walau na mwalimu, chaki na ubao. Ubao huo wamfaa nini asiyeuona? Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba punguzo likigawanywa sawa kwa wote ni haki.

Wamisionari hawakungoja bajeti. Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri mwaka 1950, na Kanisa letu likaanzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Lakini tusijidanganye: kazi hizo nazo ziliegemea mno sadaka za watu wa mbali, na mkono wa mbali hujirudisha wakati wowote. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki ya mtoto huyu kusoma. Haki haipaswi kungoja huruma ya mfadhili. Yapasa iwe na fungu lake katika bajeti ya taifa na ya halmashauri, na sisi walipa kodi tuwaulize madiwani wetu fungu hilo ni kiasi gani.

Hata hivyo, lawama haiishii kwa serikali. Tunapozitembelea jumuiya ndogo ndogo, mara kadhaa tumekuta mtoto amefungiwa chumba cha nyuma, na mzazi akatuomba kwa sauti ya chini tusimtaje. Wengine bado wauliza ni nani aliyetenda dhambi, swali ambalo Bwana alikwisha kulikataa mbele ya wanafunzi wake. Nasi mapadre tukiri: ngazi za makanisa yetu mengi hazipandiki kwa kiti cha magurudumu, nasi twahubiri juu ya Bartimayo tukiwa juu ya ngazi hizo hizo.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, twawaomba wenyeviti wa jumuiya waje ofisini wakiwa na idadi ya watoto wa namna hii wasio shuleni, wabatizwa na wasio wabatizwa. Mzazi anayeona haya aje siku ya kazi, jioni, kwa mlango wa nyuma. Tutakwenda pamoja naye kumwandikisha mtoto.