Mkono wa Tabibu wa Macho Hutulizwa kwa Mafunzo

Imani moja imekita mizizi miongoni mwa watu wetu, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wa utabibu, kwamba mpasuaji wa macho ni mtu aliyejaaliwa tangu tumboni mwa mama yake mkono usiotikisika, na kwamba kijana ambaye vidole vyake vimeonekana kutetemeka siku ya kwanza aliposhika kisu chini ya darubini amekwisha kuhukumiwa na maumbile yake, hana budi kutafuta kazi nyingine. Imani hii si ya kweli, na madhara yake ni makubwa: huwafukuza vijana waliofaa, huwafundisha waliobaki kuficha jambo lililopasa kusemwa bayana, na huwapa wakuu wa hospitali udhuru wa kuacha yale yaliyo katika uwezo wao kuyatengeneza.

Hakuna mwanadamu aliye hai ambaye mkono wake umetulia kabisa. Misuli hupokea amri za neva kwa mipigo, wala si kwa mfululizo mmoja. Moyo nao kila unapopiga huutikisa mwili mzima kwa kiasi kidogo. Na mambo hayo yakikusanyika huzaa mtetemo wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ambao mwenye mkono aghalabu hauoni wala hauhisi anapokula, anapoandika au anapofunga vifungo vya kanzu yake. Mtetemo huo si maradhi wala si dalili ya woga. Tabibu hodari anao, na mwanafunzi wake anao.

Taabu huanza pale mkono huo unapotakiwa kufanya kazi ndani ya jicho. Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, tabibu huondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuuacha mahali pake utando wa nyuma uliokuwa umeifunika, ili uibebe lenzi ya bandia. Na utando huo, katikati yake, una unene wa kiasi cha sehemu 4 tu za 1,000 za milimita, hali ya kuwa mtetemo wa kawaida kwenye ncha ya chombo waweza kufika sehemu 100 za kipimo hichohicho. Utando ukipasuka, ute wa ndani ya jicho huweza kuja mbele, mahali pa kuikalisha lenzi huharibika, na kazi iliyotarajiwa kuwa ya dakika chache hugeuka kuwa mashaka. Mwenye kuzitazama hesabu hizi peke yake angedhani kwamba upasuaji wa macho ni muhali. Walakini hufanywa kila siku, kwa mikono hiyohiyo inayotetemeka, na wagonjwa wakifunguliwa bendeji asubuhi yake huona. Linalowezesha jambo hili ni tadbiri, na tadbiri hufundishika.

Ya kwanza ni namna ya kukaa. Kiti cha mpasuaji chapasa kupandishwa au kushushwa hata nyayo zake zifike chini bila ya kujinyoosha, kwa kuwa mguu mmoja huongoza darubini na wa pili huendesha mashine pale inapotumika. Mabega yalegee, viwiko vikae karibu na mbavu, kiganja kiegemee kwenye kipumziko kilichofungwa kitandani au kwenye paji la uso la mgonjwa, na kidole cha mwisho pamoja na jirani yake vitulie juu ya mfupa wa nyusi. Mkono ulioning'inia hewani hupeleka kwenye ncha ya chombo mtikisiko wote wa bega na wa kiwiko, lakini mkono uliopata egemeo karibu na jicho huviacha vidole peke yake vitende kazi, kama fundi wa nakshi wa Lamu anavyokita ubavu wa kiganja juu ya mbao kabla hajalifuata ua kwa patasi. Tena chombo hushikwa kwa wepesi, kwa sababu kukibana kwa nguvu ni kuuzidisha mtetemo uliokusudiwa kuzuiwa.

Ya pili ni ya mwili na nafsi. Uchovu, kukesha, njaa, kubeba vitu vizito na hofu huongeza mtetemo, na kahawa nayo huuongeza kwa baadhi ya watu. Basi daktari aliyekesha zamu ya usiku, kisha akaitwa saa 2 asubuhi kwenye chumba cha upasuaji na kuambiwa atulize mkono, ametakiwa jambo ambalo aliyepanga zamu amekwisha kumnyang'anya. Kadhalika mwanafunzi anayekemewa mbele ya wauguzi, na mbele ya mgonjwa mwenyewe, ambaye yu macho chini ya shuka kwa kuwa ametiwa ganzi ya jicho tu na anasikia kila neno: kemeo huleta hofu, hofu humwaga adrenalini katika damu, adrenalini huutetemesha mkono zaidi, na mwalimu hudhani amepata ushahidi wa lile alilolisema, hali ya kuwa ameliumba yeye mwenyewe.

Wako wanaokimbilia dawa. Propranololi, inayotumika kwa maradhi ya moyo na shinikizo la damu, imejaribiwa kwa madaktari waliokuwa wakijifunza upasuaji wa macho, na ilionekana kupunguza mtetemo wao. Simlaumu aliyeandikiwa na tabibu wake kwa kipimo chake. Ninachokikataa ni kumezwa kwa siri, maana dawa hiyo ni hatari kwa mwenye pumu na hupunguza kasi ya moyo, na mtu anayeinywa kwa kificho hana wa kumwonya. Wako pia wanaotumainia mashine. Mwaka 2016, katika Hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, Profesa Robert MacLaren alifanya upasuaji ndani ya jicho la mwanadamu kwa msaada wa roboti inayochuja mtetemo wa mkono wa anayeiongoza. Hiyo ni fahari ya elimu, nami naitakia maendeleo. Lakini hospitali ya wilaya isiyo na kiti kinachopanda na kushuka haiwezi kuingoja roboti.

Kwa anayetaka ushahidi wa nguvu ya mpango na mazoezi, uko India. Dakta Govindappa Venkataswamy, aliyezaliwa mwaka 1918, alikusudia kuwa mkunga wa kitabibu, lakini ugonjwa wa baridi yabisi ulimlaza kitandani muda mrefu na kuvipinda vidole vyake daima. Aligeukia macho, akajifunza upya kushika kisu, akatumia vyombo vilivyotengenezwa kuifuata mikono yake, na katika maisha yake akapasua macho zaidi ya 100,000. Mwaka 1976, alipostaafu utumishi wa serikali, alianzisha mjini Madurai hospitali ya Aravind yenye vitanda 11, ambayo leo ni miongoni mwa taasisi kubwa za macho duniani. Shida yake ilikuwa ulemavu wa viungo, nayo ni nzito kuliko mtetemo wa kawaida. Lau angepimwa kwa kutazamwa vidole mlangoni, halaiki ile ya watu isingeonana naye.

Ushahidi wa karibu zaidi unatuhusu sisi wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, madaktari waliokuwa masomoni kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa makundi mawili: la kwanza lilipelekwa Cape Town kufanya mazoezi makali juu ya macho ya bandia, na la pili likaendelea na mafunzo ya kawaida, likangoja zamu yake baadaye. Waliofanya mazoezi walipata ustadi zaidi, na katika mwaka uliofuata walipasua wagonjwa wengi zaidi huku kupasuka kwa ule utando wa nyuma kukiwa kuchache sana kwao kuliko kwa wenzao. Hawakubadilishiwa mikono, walipewa mahali pa kukosea pasipomdhuru mtu.

Atatokea msomaji wa kuuliza, na swali lake ni la haki: je, jicho la mama yangu ndilo la kujifunzia? Hasha. Kwa sababu hiyohiyo nasema mazoezi yatangulie mgonjwa, juu ya jicho la bandia au la mbuzi litokalo machinjioni, hata mwalimu aridhike. Nasema pia kwamba ambaye mtetemo wake umezidi kawaida apimwe, kwani huenda ni tezi ya shingo au maradhi ya neva. Na kwamba kila mpasuaji, kijana kwa mkongwe, apimwe kwa matokeo ya wagonjwa wake yaliyoandikwa daftarini, kipimo kisichopendelea wala kuonea.

Mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na dawa yake ni upasuaji peke yake. Nchi zetu hazina wapasuaji wa kutosha, na kila kijana anayeikimbia kazi hii kwa haya ya vidole vyake ni hasara ya wazee wengi. Basi vyuo na viweke chumba cha mazoezi kabla ya kununua fahari nyingine. Hospitali na zinunue viti vya kurekebishika na vipumziko vya mikono, na zimwondoe katika orodha ya upasuaji wa asubuhi yule aliyekesha. Na walimu na wawaambie wanafunzi siku ya kwanza kwamba mikono yao itatetemeka, kwamba ya mwalimu nayo hutetemeka, na kwamba yako mambo ya kufanya. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya upofu, na anayeweza kuyafanya asiyafanye ana dhima kwa wale wanaoendelea kuongozwa kwa fimbo.