MAJI YA PAA LAKO YASIWE MSIBA WA JIRANI

Akaaye Arua Hill hahitaji kufundishwa kwamba maji hushuka. Katika Nile Magharibi mvua huanza kwa kawaida kati ya Machi na Aprili, huendelea hadi Novemba, na huzidi nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba. Katika miezi hiyo kila paa la kilimani hugeuka kuwa chemchemi, na aliye chini hupokea maji ya aliye juu.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 5 lina mita za mraba 40. Basi mvua ya milimita 25 huliteremshia lita 1,000, yaani jerikani 50 za lita 20. Mama aliyepanga foleni kisimani asubuhi kwa ajili ya jerikani tatu huona jioni jerikani hamsini zikipita mlangoni pake, zikichimba msingi wa nyumba yake na kubeba udongo wa bustani.

Katika nyumba za mstari, wanamokaa askari, polisi na jamaa zao, jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa paa ni moja na milango ni mingi. Majani ya mwembe yakiziba mfereji wa bati, ule ambao mafundi huuita gata, maji hufurika mbele ya chumba kimoja, na ukuta wa asiye na hatia ndio unaolowa. Wengine husema nyumba ni ya serikali, na kesho huenda wakahamishwa. Ni kweli nyumba ni ya serikali. Lakini mtoto anayelala kando ya ukuta wenye unyevu ni wao.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kwanza, wakazi wa mstari mmoja na wapange zamu: gata lisafishwe kabla ya mvua za kwanza, kisha kila mwezi, na ngazi ishikwe na mtu wa pili. Gata liinamie upande wa bomba la kuteremshia maji, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita. Likilala sawasawa, maji hutuama na mbu huzaliana.

Pili, mahali bomba linapoishia pawekwe mawe, ili maji yasichimbe shimo ukutani. Kutoka hapo uchimbwe mfereji mdogo wenye mteremko wa taratibu, uliopandwa majani kando, uyapeleke maji mbali na msingi, mbali na choo, na kamwe yasielekezwe ua wa jirani. Migomba michache mwishoni mwa mfereji itayanywa kwa furaha.

Tatu, sehemu ya maji hayo iwekwe akiba. Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, hiyo imwagwe. Inayofuata ikingwe katika pipa lenye kifuniko imara, kwa maana pipa wazi huzaa mbu na laweza kumzamisha mtoto. Maji hayo yafaa kufulia na kuoshea. Ya kunywa sharti yachemshwe.

Kisha, mvua itakaponyesha, mwenye nyumba avae koti la mvua na kuzunguka ua wake. Aangalie maji yanapotoka na yanapokwenda. Kama yanaishia mlangoni kwa mwenzake wa chini, kazi bado haijaisha, hata kama ukuta wake mwenyewe ni mkavu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kilimani, mara nyingi ukuta unaoanguka ni wa mwingine.