Rimoti za kale zarudi angani, lakini nani atazirithi?

Siku hizi kwenye mchezo wa ndege za rimoti, mtu ananunua ndege dukani asubuhi na mchana anairusha. Inakuja na mabawa tayari, betri tayari, na ndani yake kuna vihisi vinavyoisawazisha upepo unapoipiga. Ukichanganyikiwa, unabonyeza kitufe, ndege inajinyoosha yenyewe. Mgeni kabisa anaweza kumaliza siku yake ya kwanza bila kuvunja kitu.

Kama mambo yamerahisishwa hivyo, mbona kuna watu Marekani na Ulaya wanaozipa kisogo ndege hizo? Wanajifungia gereji miezi kadhaa, wanakata mbao nyembamba kwa wembe, wanaziunganisha kwa gundi juu ya ramani ya mwaka 1938. Wakimaliza, wanaweka injini ndogo inayopiga kelele, inayorusha mafuta na kuchafua mikono. Halafu wanaenda uwanjani wakitabasamu kama watoto.

Jibu jepesi ni kwamba hao ni wazee wanaoukumbuka utoto wao. Ukweli upo ndani yake, lakini hautoshi. Wanachokifuata ni aina ya mchezo ambayo teknolojia imeiondoa kimyakimya, na sasa aina hiyo iko kwenye dakika za lala salama. Kanuni za anga zimebana, viwanda vimefungwa, na wenye ujuzi wanazeeka.

Enzi za mpira uliosokotwa

Mchezo huu ulianza kuwa na mashindano rasmi mwaka 1937 mjini Detroit, pale ndege zinazoongozwa kwa redio zilipoingizwa kwenye mashindano ya taifa ya Marekani. Walioingia walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na Chester Lanzo akaibuka mshindi. Miaka iliyofuata ikawa ya ndugu wawili wa Michigan, Walter na William Good, na ndege yao iliyoitwa Guff. Leo Guff imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Baada ya vita, wengi waliingia kwenye mchezo kwa rimoti yenye kitufe kimoja tu. Ndani ya ndege kulikuwa na mpira uliosokotwa, kama ule wa manati lakini mwembamba. Ukibonyeza kitufe na kukishikilia, mpira unajisokotoa kidogo na usukani wa mkia unageukia kulia. Ukiachia, usukani unarudi katikati. Ukibonyeza mara mbili, unageukia kushoto. Basi, hayo ndiyo mamlaka yote aliyokuwa nayo rubani. Hakuna nusu kona wala kona ya polepole, na mpira ukiisha kujisokotoa ndege iko angani, mzee unabaki kuomba dua.

Zikafuata rimoti zilizotuma milio tofauti hewani. Ndani ya ndege vibamba vyembamba vya chuma vilitetemeka, kila kimoja kwa mlio wake, na kila kimoja kikawasha usukani mmoja. Rubani alikuwa na safu ya swichi ndogo, akizigusagusa kwa vidole kama mpiga kinanda, kwa sababu kila swichi ilipeleka usukani mpaka mwisho au haikuupeleka kabisa.

Hizo ndizo zilikuwa enzi za mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege za rimoti, yaliyofanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960. Mmarekani Ed Kazmirski alitwaa taji akiwa na ndege yake mwenyewe, Orion. Mwaka 1967 kule Corsica, Phil Kraft alibeba ubingwa na ndege yake Kwik Fli. Kufikia hapo rimoti za kisasa, ambazo usukani unafuata kidole kadiri unavyokisogeza, zilikuwa zimeshika hatamu. Kraft mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa rimoti hizo.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Bingwa alikuwa mchoraji wa ndege, fundi wake na rubani wake, yote kwa mtu mmoja. Ni kama mshambuliaji afunge bao kwa kiatu alichokishona mwenyewe.

Hatari ndo ilikuwa utamu

Anayecheza leo hajui presha ya masafa. Rimoti za zamani za masafa ya megahezi 27 zilitumia chaneli sita, kila moja na rangi yake: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani na bluu. Mtu alifunga utepe wa rangi yake kwenye antena ili wenzake wajue. Baadaye masafa ya megahezi 72 yalipotumika, klabu ziliweka ubao wenye vibanio. Hukuwasha rimoti kabla ya kuchukua kibanio cha chaneli yako.

Sababu ilikuwa wazi. Mwenzako akiwasha rimoti yenye chaneli moja na yako, ndege yako haiko tena mikononi mwako. Kazi ya miezi mitatu inaishia ardhini kwa sekunde tano. Utaratibu ule wa vibanio ulijenga klabu, maana kila mtu alilazimika kumjua jirani yake, kuuliza, kusubiri zamu na kuaminiana.

Rimoti za gigahezi 2.4 zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, tatizo hilo likafa. Zinajitafutia nafasi zenyewe hewani bila kuingiliana. Ni hatua kubwa, na hakuna mwenye akili timamu anayetamani ajali zirudi. Lakini pamoja na ajali, kuna kitu kingine kiliondoka: sababu ya watu kuzungumza kabla ya kuruka.

Tazama pia mashindano ya juu ya leo. Kanuni za ndege za sarakasi zinataka ndege isizidi mita mbili kwa urefu na mita mbili kwa upana wa mabawa, uzito usizidi kilo tano. Ndani ya mipaka hiyo kuna ndege za nyuzi za kaboni zenye mota za umeme, za maelfu ya dola. Zinaruka vizuri ajabu. Ila wengi wanaozirusha hawakuziunda, na kijana mwenye mfuko mwepesi anabaki mtazamaji.

Hapo ndipo ya kale yanapopata mvuto. Aliyewahi kuunda gari la waya utotoni anaelewa bila kuelezwa. La dukani lilikuwa zuri zaidi, lakini la waya ulilijua kila kona, na likivunjika ulijua pa kulikunja.

Mechi za maveterani zenye sheria zake

Mtu asidhani hawa ni watu wa kukaa kivulini na kupiga soga. Wana vyama na kanuni kali. Kile kiitwacho Society of Antique Modelers kinatambua ndege za michoro iliyofikia mwisho wa mwaka 1942. Nyingi kati ya hizo zilichorwa ziruke bila rimoti kabisa. Mwenyewe aliiachia, ikapanda, kisha akaifukuzia mashambani kwa miguu au kwa baiskeli, na nyingine hazikuonekana tena.

Leo ndege hizohizo zinawekewa rimoti ili zirudi nyumbani. Kwenye shindano, injini inaruhusiwa kufanya kazi kwa sekunde zilizowekwa na kanuni, kisha inazimwa. Kuanzia hapo rubani anatafuta hewa ya joto inayopanda, kama mwewe anavyofanya, na anayekaa angani zaidi ndani ya muda uliowekwa ndiye anayevuna pointi. Hakuna kihisi kitakachomtafutia hewa hiyo. Anaitazama kwenye nyasi, kwenye ndege wa kweli, kwenye upepo unaogusa shingo yake.

Kwa upande wa sarakasi, Senior Pattern Association ya Marekani inakusanya ndege za michoro ya kabla ya mwaka 1976. Humo ndimo majina kama Kwik Fli na Taurus yanarudi angani.

Vyama hivi vimefanya uamuzi mmoja wa busara: ndege iwe ya kale, lakini rimoti mpya inaruhusiwa. Wapo wenye msimamo mkali, wanaofufua hata zile rimoti za swichi na vibamba, na wanastahili heshima yao. Ila kama sharti hilo lingewekwa kwa wote, uwanja ungebaki na watu watano.

Kipenga cha FAA

Sasa kimeingia kitu ambacho wachoraji wa mwaka 1938 hawakukiota. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imeweka sharti kwamba ndege isiyo na rubani inayotakiwa kusajiliwa itangaze utambulisho wake hewani inaporuka. Inatangaza namba yake, mahali ilipo, urefu wake na mahali ilipoanzia au alipo anayeiongoza. Sharti lilianza Septemba 2023, na muda wa kuvumiliana ukaisha Machi 16, 2024. Kwa wanaorusha kwa burudani, kila chenye uzito wa zaidi ya gramu 250 kinahusika, na kwa FAA mbao za mwaka 1938 na droni ya kamera ni kundi moja.

Ipo milango miwili. Wa kwanza ni kufunga kifaa kidogo cha kutangaza utambulisho. Wa pili ni kurukia kwenye maeneo maalumu yanayotambuliwa na FAA, ambako kifaa hicho hakihitajiki. Maeneo hayo huombwa na vyama vya wanamichezo au taasisi za elimu. Mtu binafsi na shamba lake hawezi kuomba.

Wapenzi wa mchezo huu Dar es Salaam au Nairobi wanaweza kuguna tu, maana wanajua kurusha droni bila kufuata taratibu za TCAA au KCAA ni kujitafutia kesi. Na serikali nazo zina hoja: droni zimesogelea viwanja vya ndege, lazima kuwe na udhibiti. Lakini matokeo kwa ndege za kale yako wazi. Klabu yenye uwanja unaotambuliwa inakuwa mlinzi wa urithi huo. Klabu hiyo ikifa, au uwanja ukiuzwa kujengwa nyumba, mzee na ndege yake wanabaki na kifaa cha kununua au ukuta wa kuitundika.

Mbao nazo zina soko lake

Kuna shida nyingine isiyozungumzwa sana. Ndege hizi zinaundwa kwa mbao ya balsa, nyepesi kuliko karibu mbao zote za biashara, na sehemu kubwa ya balsa ya dunia inatoka Ecuador. Mbao hiyohiyo inawekwa ndani ya mapanga makubwa ya mitambo ya kufua umeme kwa upepo. Kufikia mwaka 2020, mahitaji ya mitambo hiyo, hasa China, yaliifanya bei ya balsa ipae na miti ikatwe ovyo kwenye misitu ya Ecuador. Fundi wa gerejini akajikuta anagombea mbao na viwanda vya nishati.

Kabla ya hapo, Januari 2018, Hobbico, moja ya kampuni kubwa za bidhaa za mchezo huu Marekani, iliomba ulinzi wa mufilisi. Majina yake maarufu, likiwamo Great Planes, yakachukuliwa na Horizon Hobby. Wengi walijifunza kuunda ndege kwa maboksi ya kampuni hiyo. Karakana ndogo zenye mashine za kukata mbao kwa leza zimeziba sehemu ya pengo, zikitumia ramani za zamani, nazo zinategemea wateja walewale wenye mvi.

Nani apewe rimoti?

Kwa hiyo mapenzi ya vitu vya kale yameusaidia mchezo huu, na yanaweza pia kuuzika. Yameusaidia kwa sababu bila wazee hawa ramani zingeliwa na panya, na hakuna ambaye angekumbuka namna ya kuinyoosha balsa kwa mvuke. Yanaweza kuuzika kama uwanja utageuka baraza la wazee, ambako kijana anaruhusiwa kutazama lakini haruhusiwi kushika.

Vijana wapo. Wanashindana kwa droni, wanaunganisha mota na kuandika programu, na mikono yao ni miepesi. Wanachokosa ni mtu wa kuwapa ndege ya mbao na kuwaambia: rusha, ukiivunja tutaiunganisha pamoja. Hapo msimamo wa rimoti mpya ndani ya ndege ya kale unafaa kusogezwa hatua moja. Mota ya umeme ndani ya ndege ya mwaka 1938 itawaudhi wanaopenda harufu ya methanoli na mafuta ya nyonyo. Lakini haina kelele, haiwagombanishi na majirani wa uwanja, na kijana anaimudu. Bawa bado ni lilelile, na hewa ya joto bado lazima aitafute kwa macho yake.

Guff ya akina Good iko salama pale Smithsonian, ila hairuki. Zilizobaki ziko gerejini na kwenye viwanja vya klabu, mikononi mwa watu ambao hawatakuwapo milele. Klabu itakayomkabidhi kijana wa miaka 15 rimoti wikiendi hii, na kukubali kwamba huenda ndege ikaanguka, itakuwa imefanya kazi ambayo makumbusho hayaiwezi.