Shemeji yenu kanuna, kisa treni!

Wiki hii naandika nikiwa nimetoka kwenye kasheshe zito, na kwa kuwa tumezoea kuambizana ukweli hapa kijiweni petu, sitazuga.

Hela ya mahari nimeipunguza shilingi elfu tisini. Sikuinywea bia wala sikuilia nyama choma. Nimenunulia kichwa cha treni, tena treni yenyewe inaingia mfukoni!

Msinicheke kwanza. Kuna watu wazima na akili zao kule Ulaya, Marekani na Japani wanaojenga reli ndogo ndani ya nyumba, zenye stesheni, madaraja, milima na hata abiria wa urefu wa kucha. Mimi ugonjwa huo ulinipata baada ya kupanda treni ya umeme ya SGR kwenda Morogoro. Safari hizo zilianza tarehe 14 Juni 2024, zikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Mimi nilichelewa kupanda, lakini nilipopanda nilirudi nimedata. Nikasema lazima hii kitu niilete geto.

Sasa geto lenyewe mnalijua. Futi kumi kwa kumi na mbili, kitanda cha nne kwa sita, kabati, meza moja, ndoo mbili za maji na jiko. Kijana mwenye busara angepima kwanza. Mimi nilinunua kwanza.

Kwenye mitumba ya vitu vya umeme nikakutana na kichwa cha treni cha Kijerumani, kizito, kimepakwa rangi nyekundu, kinang'aa. Muuzaji akataka laki na ishirini, tukaishia tisini. Reli nilishapata kidogo kwa binamu yangu aliyeko Uingereza, pamoja na mabehewa manane mafupi ya mizigo na kidude cha kupunguza na kuongeza umeme. Nikaunganisha sakafuni, nikaweka kichwa changu juu ya reli, nikawasha. Kimya. Taa ya kile kidude ikazimika. Nikawasha tena, ikazimika tena. Shoti!

Nilikuja kuelewa baadaye, na elfu tisini zilishaondoka. Treni nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 12 wa mkondo mmoja, kama wa betri. Reli moja inapeleka umeme, nyingine inaurudisha, kwa hiyo magurudumu ya upande mmoja hayagusani kiumeme na ya upande wa pili. Lakini uko mfumo mwingine wa kale wa Kijerumani ambao umeme unaingia kwa vinundu vilivyo katikati ya reli, na reli zote mbili zinaurudisha. Magurudumu ya treni hizo yameungana. Ukiiweka juu ya reli za mfumo wa kwanza, unakuwa umelaza msumari kati ya waya mbili. Fizikia ya fomu thrii kabisa, na mimi nilikuwa nimekaa dawati la mbele!

Shemeji yenu alinikuta nimepiga magoti mbele ya kile kichwa kama mtu aliyefiwa. Akauliza bei. Nikajaribu kusema ni zawadi. Mwanamke yule ni fundi cherehani, anajua kusoma mshono wa nyuma. Akafungua bahasha ya mahari, akahesabu, akahesabu tena, akairudisha chini ya godoro.

"Mwenzangu," akasema taratibu, "baba yangu hapokei mabehewa."

Akaondoka. Siku nne hakunipigia simu.

Katika siku hizo nne ndipo nilipofanya kazi niliyotakiwa kuifanya mwanzo, yaani kupiga hesabu. Kama na wewe una wazimu huu, hesabu yenyewe nakupa bure.

Cha kwanza ni kipimo. Treni ndogo huwa imepunguzwa mara kadhaa kutoka ile ya kweli. Kipimo kinachoitwa HO ni mara 87, OO ya Waingereza ni mara 76, TT ni mara 120 na N ni mara 160. Chukua upana wa reli ya kweli, ugawanye. SGR yetu ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87 unapata 16.5, na hiyo ndiyo reli ya HO inayouzwa dunia nzima. Reli ya Kati ya zamani, ile Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. Gawa kwa 87 ni 11.5, kwa hiyo unatafuta reli ya milimita 12. Waswisi wana treni zao za upana wa mita moja kama yetu, na kampuni ya Bemo inazitengeneza kwa kipimo hicho. TAZARA ni milimita 1,067. Gawa kwa 120 ni karibu 8.9, na reli ya milimita 9 ndiyo ile ya kipimo cha N, inapatikana kirahisi.

Cha pili ni nafasi, na hapo ndipo ndoto yangu ilipopinduka. Behewa la abiria la mita 25 likipunguzwa mara 87 linabaki sentimita 29 hivi. Panga mabehewa manane na kichwa chake, treni inakuwa mita mbili na nusu. Ndugu zangu, treni inakizidi kitanda! Hata hapo sijataja kona. Kona ya kawaida ya OO ina nusu kipenyo cha sentimita 44 hivi, maana yake ukitaka treni izunguke unahitaji ubao wa upana wa mita nzima. Mabehewa marefu kwenye kona kali yanatanua matako kama daladala inayokata kona ya sokoni. Ukienda kwenye N mambo yanapungua, treni ile ile inakuwa kama mita moja na sentimita arobaini. Lakini mabehewa niliyokwishapata ni ya OO. Kununua upya kwa hela gani?

Na usifikiri utaikwepa nafasi kwa kupandisha reli juu ya nyingine. Mlima wa treni ndogo usizidi sentimita tatu kwenda juu kwa kila mita moja. Kupanda sentimita nane tu ili treni nyingine ipite chini, unataka karibu mita tatu za mlima. Chumba changu chote ndiyo mita tatu na nusu.

Siku ya tano nikaenda kwa baba mkubwa. Huyu ndiye atakayeongoza wazee kwenda kutoa mahari, na nilijua shemeji yenu ameshamfikishia habari. Baba mkubwa alifanya kazi reli miaka ishirini na tisa, mingi katika stesheni ndogo ndogo kati ya Morogoro na Dodoma, kupanga mabehewa. Siku hizi macho yamechoka, na tangu astaafu habari za reli hapendi kuzigusa. Tukimuuliza hujibu, "Yamepita hayo."

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia umenunua treni."

Nikainamisha kichwa. Nikatoa mchoro wangu, duara kubwa lenye SGR inazunguka. Akausogeza karibu na macho, akaukagua muda mrefu.

"Inatoka wapi?"

Nikasema haitoki mahali, inazunguka.

"Inakwenda wapi? Imebeba nini?"

Sikuwa na jibu. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hiyo ni feni. Reli inatoka mahali, inapeleka kitu mahali."

Nilitegemea anianze na mahari. Badala yake akamwita mjukuu, akamtuma viberiti vinane dukani. Akachora kwa chaki sakafuni njia tatu zinazokutana na kuwa moja. Njia ndefu inachukua viberiti vitano, na mbili fupi zinachukua vitatu vitatu. Kile kipande cha mbele walikokutana kinatosha kichwa na viberiti vitatu tu, basi. Akaandika namba moja mpaka nane juu ya viberiti, akavipanga ovyo kwenye njia.

"Stesheni masta anataka tano, mbili, nane, moja, sita. Kwa mpangilio huo huo, njia ndefu. Treni ya Dodoma iko njiani. Panga."

Nilihangaika nusu saa. Unavuta viwili, unaviweka huku, unarudi kuchukua kimoja, kumbe umekiziba ulichokitaka. Jasho lilinitoka. Yeye alipoanza alifanya dakika chache, mkono unakwenda wenyewe, na huku anaongea. Akanieleza mabehewa ya mkonge wa Kimamba, chumvi ya Uvinza, usiku wa mvua na taa ya mafuta mkononi. Akaeleza jinsi maji yanavyoisumbua reli kati ya Kilosa na Gulwe, siyo tu mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyositisha treni, bali hata enzi zake walikuwa wanalala macho. Akaeleza na rafiki yake aliyebanwa katikati ya mabehewa mawili, alfajiri moja, akiwa anayaunganisha. Hapo akanyamaza. Akakiokota kiberiti namba sita, akakishika muda, kisha akakirudisha mahali pake.

Wasomaji wangu, miaka yote hiyo nilikuwa nadhani mzee hapendi reli.

Baadaye niligundua kwamba Waingereza wana mchezo kama huo huo wa reli ndogo, uliobuniwa na Alan Wright, wanauita Inglenook Sidings. Mabehewa nane, njia za tano, tatu na tatu. Mipangilio ya mabehewa matano unayoweza kuamriwa ni 6,720. Piga mwenyewe: nane mara saba mara sita mara tano mara nne. Ukicheza mmoja kila siku, unamaliza baada ya miaka kumi na nane na ushee. Na wote unakaa juu ya ubao wa sentimita 150 kwa 30, yaani rafu. Hauhitaji kona hata moja, hauhitaji mlima, na kichwa chake ni kile kidogo cha magurudumu manne, cha bei ndogo kuliko vyote dukani. Wewe ambaye huna hata mia, tafuta viberiti vinane na chaki, cheza leo leo.

Jumamosi shemeji yenu akaja. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kuchukua pasi yake. Akanikuta nachora reli kwenye karatasi za daftari nilizoziunga kwa gundi, zimepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Akasimama mlangoni. Mimi kimya. Yeye kimya. Mwisho akashindwa kuvumilia kuona mtu anapima vibaya.

"Wewe hukati kitambaa kabla ya kuchora," akasema.

Akatoa karatasi ya kukatia mitindo na futi yake ya utepe. Tukachora njia zote kwa ukubwa wake halisi, tukapanga mabehewa juu ya karatasi kuona kama yanaenea. Njia ya mbele ilipungua sentimita sita. Ingekuwa nimeshagongelea misumari, ningelia tena. Tukasogeza ile njia panda, ikaenea. Akaniambia na kingine ambacho kwenye ramani yangu sikukifikiria, kwamba rafu ikae usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti, maana mzee hawezi kuinama.

Kumbe alishaongea na baba mkubwa.

Masharti niliyopewa ni haya. Kile kichwa cha Kijerumani kiuzwe. Nimekiuza kwa elfu sitini kwa jamaa mmoja mwenye reli za mfumo wake, nimekula hasara ya thelathini, na sitini zimerudi ndani ya bahasha. Thelathini zilizobaki nazifidia kwa kuandika, kwa hiyo mhariri wangu ukisoma hapa, tafadhali usinicheleweshee mshiko. SGR yangu ingoje siku nitakapopata nyumba yenye sebule. Na kichwa kile kidogo sinunui mpaka mahari yatoke, kwa sasa tunasukuma mabehewa kwa kidole.

Baba mkubwa huja Jumapili baada ya chakula. Anakaa kwenye kiti changu pekee, mimi nakaa kwenye ndoo. Shemeji yenu ndiye stesheni masta, anavuta vikaratasi vya namba kwenye kikopo cha vifungo na kutusomea. Jumapili iliyopita nilimfunga mzee kwa mara ya kwanza. Akadai nimeiba. Nikamuuliza, na ile safari ya kwa wakwe, baba mkubwa?

Akavuta behewa moja nyuma, bila kuniangalia.

"Treni haiondoki mpaka mizigo ikamilike, mwanangu. Bado elfu thelathini."

Haya, wapenzi, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe uliye na bahasha chini ya godoro, pima kwanza!