Ukumbusho wa Mbaraka: Anunue Tena Aliyekwisha Kununua?

Kule Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini wilayani Same, yupo mtu wa aina fulani ambaye kila mwalimu na kila karani aliyepata kufanya kazi huko anamfahamu. Ni mtumishi mstaafu, mwenye shamba la tangawizi mteremkoni, na ndani ya nyumba yake, chini ya meza, limo sanduku la santuri ndogo za Morogoro Jazz na Super Volcano. Alizinunua moja moja kwa mshahara wa miaka ya 1970, akapanda nazo mlima zikiwa zimefungwa katika khanga ili zisikwaruzike. Mtu huyu hana haja ya kuelezwa Mbaraka Mwinshehe alikuwa nani. Mjukuu wake anapomletea habari kwamba nyimbo zile zinapatikana zote pamoja katika mkusanyiko uitwao "Ukumbusho", jibu lake ni fupi: "Mjukuu wangu, hizo ninazo."

Jibu hilo lina uzito, na si la ubahili. Linagusa jambo ambalo wapenzi wa muziki hubishania kila mahali duniani: je, mtu aliyemfuata mwanamuziki tangu mwanzo, akanunua kila kazi yake ilipotoka, ana sababu gani ya kulipa mara ya pili kwa kitu kile kile?

Yafaa kwanza kukumbushana historia. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia Morogoro Jazz, bendi iliyokuwa ikishindana katika mji ule ule na Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah. Mwaka 1970 alikuwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano, na mwezi Januari 1979 alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa. Mauti yalimkuta Kenya wakati mpaka wa nchi mbili hizi ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watu wa Mamba wanaujua vizuri mpaka huo. Akisimama mtu kwenye ukingo wa milima yao na kutazama mashariki, anaona nyika ya Mkomazi imelala chini, na ng'ambo ya nyika hiyo ni Kenya.

Mpaka ulifungwa, lakini muziki haukuwa na njia nyingine. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, lakini santuri ya kuuzwa dukani ilifyatuliwa Nairobi, na faida kubwa ilibaki huko. Wimbo "Shida" ulinunuliwa kwa wingi mno nchini Kenya. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 kampuni ya Polygram ya Nairobi ndiyo iliyokusanya nyimbo za marehemu na kuzitoa katika santuri ndefu na kaseti, toleo baada ya toleo, kwa jina la "Ukumbusho". Kanda zilikuwa ghalani mwake.

Wanaopinga ununuzi wa mikusanyiko ya namna hii wana hoja zenye nguvu, na haifai kuzipuuza. Biashara hiyo ilishika mizizi Marekani mwaka 1958, ilipotolewa santuri ya nyimbo zilizovuma za mwimbaji Johnny Mathis. Makampuni yaligundua kwamba hapa mwenye mali hahitaji studio wala mpiga gita. Nyimbo zimekwisha kulipiwa, kinachotakiwa ni jalada jipya tu. Kundi la roki la Eagles lilitolewa mkusanyiko wake mwezi Februari 1976, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umethibitishwa kuuzwa Marekani peke yake kwa hesabu ya milioni 38. Hata hivyo wimbo wa Eagles unaojulikana kuliko zote, "Hotel California", haumo. Haumo kwa sababu ulitoka Desemba ya mwaka ule ule, miezi kumi baadaye. Kumbe "nyimbo bora" zilichaguliwa na kalenda ya mfanyabiashara! Wengine wana hila kubwa zaidi. Huweka katika mkusanyiko wimbo mmoja mpya usiopatikana kwingine, kama alivyofanya Tom Petty mwaka 1993, na mpenzi mwaminifu hujikuta ananunua santuri nzima, ambayo anayo tayari, kwa ajili ya wimbo mmoja. Anayetozwa hapo ni yule yule aliyependa zaidi.

Lakini kuna hoja nzito kuliko ya fedha. Mkusanyiko huchagua, na anayechagua ndiye anayeamua marehemu akumbukwe kwa lipi. Bob Marley alifariki mwaka 1981. Mwaka 1984 ukatoka mkusanyiko uitwao "Legend", ambao umeuzwa kwa mamilioni na kwa watu wengi ndio Bob Marley wote wanaomjua. Katika mkusanyiko huo hamna hata wimbo mmoja kutoka santuri yake ya mwaka 1979 iitwayo "Survival", santuri yenye wimbo wa kudai umoja wa Afrika na wimbo wa "Zimbabwe", ambao yeye mwenyewe aliuimba uwanjani usiku wa uhuru wa nchi hiyo, Aprili 1980. Nyimbo za mapenzi na za kuliwaza zikajaa, na mpigania ukombozi akapunguzwa makali ili asimchukize mnunuzi wa Ulaya. Mwafrika aliyekuwa na santuri zote za Marley alikuwa na haki ya kukasirika. Kijana anayeanzia kwenye "Legend" hajui hata kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Kama mambo yangekuwa hayo tu, mstaafu wa Mamba angekuwa amemaliza mjadala. Lakini hapa ndipo wapenzi wengi wa muziki wanapokosea, kwa kuchukua ubishi wa Ulaya na Marekani na kuuhamishia Morogoro mzima mzima.

Kwa Eagles au Marley, santuri ndefu ndiyo kazi yenyewe. Ilipangwa studio kama kitabu chenye sura, wimbo wa kwanza ukiandaa njia ya wa pili. Kuchomoa wimbo humo ni kuchana ukurasa. Kwa Mbaraka haikuwa hivyo. Yeye na wenzake wa Afrika Mashariki walitoa hasa santuri ndogo, wimbo huu mwezi huu na wimbo mwingine mwezi ujao. Mara nyingi hata wimbo mmoja haukuenea upande mmoja. Uliandikwa "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2", na msikilizaji aliinuka kitini, akageuza santuri, ndipo akapata magita yanayochangamsha mwishoni. Mkusanyiko wa nyimbo hizo hauna kitabu unachokichana. Ni mara ya kwanza kurasa zilizotawanyika zinashonwa pamoja. Tena "Ukumbusho" haukuishia katika santuri moja ya nyimbo kumi zilizovuma. Uliendelea kwa matoleo mengi, na nyimbo ambazo hazikupata umaarufu zilipata nafasi kando ya zile zilizovuma. Kwa maana hiyo unafanana na makumbusho kuliko na duka.

Liko pia jambo la chombo chenyewe. Santuri iliyochezwa miaka arobaini haibaki ilivyokuwa. Sindano kuukuu huchimba mifereji yake, vumbi la kiangazi hupenya, na sauti nyororo ya gita la solo hupotea kabla ya mambo mengine yote. Yule anayesema "hizo ninazo" yafaa ajiulize kwa uaminifu anacho nini hasa. Mara nyingi anacho kibandiko, na kumbukumbu ya sauti aliyoisikia ujanani ambayo masikio yake yanaijazia kila santuri inapokwaruza. Mjukuu hana kumbukumbu hiyo. Yeye anasikia mikwaruzo tu, kisha anashangaa babu anasifu nini. Nakala iliyotolewa kutoka kanda ya asili humwezesha kijana kusikia kile kilichosikika studio.

Kwa hiyo mpenzi wa kweli anunue, lakini afungue macho. Atazame kama wimbo wenye sehemu mbili umeunganishwa mpaka mwisho au umekatwa pale palipokuwa panageuzwa santuri. Atazame kama mtunzi ametajwa, na kama Morogoro Jazz imetenganishwa na Super Volcano, maana hizo ni bendi mbili na nyakati mbili. Mkusanyiko usiosema wimbo ni wa mwaka gani humfanya mwanamuziki aonekane kama aliimba yote siku moja. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi jinsi muziki wa dansi ulivyobadilika kati ya mwaka 1965 na 1979 hawezi kusaidiwa na orodha ya namna hiyo.

Asichopaswa kununua ni ule mchanganyiko wa "zilipendwa" unaouzwa stendi. Zamani zilikuwa kaseti zilizodurufiwa, baadaye CD zilizochomwa, siku hizi ni flashi inayojazwa nyimbo mia mbili kwa bei ya soda chache. Wimbo wa Mbaraka humo hupewa jina la Juma Kilaza, wa Kilaza hupewa jina la Salum Abdallah, na dakika ya mwisho hukatwa ili nyimbo zienee. Mtumishi wa umma ambaye ofisini hukemea wizi wa kalamu ya serikali hununua kitu hicho bila kusita, na mwalimu naye humpigia wageni wake siku ya sikukuu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki Januari 1979, miaka hiyo inahesabiwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Katika muda huo warithi wake wana haki ya kudai, na kila flashi ya stendi inapita pembeni yao. Hata mkusanyiko halali hautoi hakika kwamba senti itawafikia, kwa kuwa mikataba ya zamani mara nyingi iliandikwa kwa faida ya kampuni. Tofauti ni kwamba kampuni halali ina anwani, na mwenye haki anaweza kuibisha hodi. Muuza flashi akihamisha meza, habari imekwisha.

Liko bado pengo ambalo mkusanyiko wa Nairobi hauwezi kuliziba hata ukitolewa mara ngapi. Kampuni hukusanya kilichomo ghalani mwake, na nyimbo ambazo bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa ajili ya matangazo hazikuwa mali yake. Humo mlikuwa na nyimbo za kuhimiza kilimo na za kumbukumbu za matukio ya taifa, na nyingine hazikupata kufyatuliwa santuri kamwe. Kanda za Radio Tanzania zimerithiwa na TBC. Ukumbusho kamili wa Mbaraka, na wa wenzake wa Tabora, Tanga na Dar es Salaam, utapatikana siku zitakapotolewa kwa utaratibu unaotaja watunzi na kuwalipa warithi. Wapenzi wanaolalamika kuuziwa mara mbili wangefanya vyema kuelekeza sauti zao huko pia, kwani kanda huoza bila kungojea kikao.

Hadi siku hiyo sanduku la Mamba lisiuzwe wala lisitupwe. Santuri mle ndani hazichezeki tena vizuri, lakini kila moja ina kibandiko chenye jina la wimbo, la bendi na namba ya kampuni, habari ambazo mikusanyiko mingi imezipoteza. Mjukuu mwenye daftari, akikaa na babu yake siku mbili za likizo, anaweza kuziandika zote.