Pumzi tunayo, umeme uko wapi?

Wafinalisti wa Kolwezi, banatuambia tukae kimya, tufunge macho, tupumue, ndio Exetat itaenda muzuri. Sawa! Dakika 10 kila asubuhi za kufuata pumzi zinatuliza roho, na hazilipiwi. Muanze leo, musingoje siku ya mtihani.

Lakini kichwa chenye kutulia hakisome kwenye giza. Mstari wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700, ulijengwa kwa ajili ya migodi. Nzilo na Nseke ziko hapa karibu. Halafu mtoto wa Manika arudilie masomo na buji?

Pumzi si dawa ya delestaji. Viongozi, mutoe umeme kila jioni kwenye makartie mpaka Exetat iishe. Kutulia, ndiyo. Kunyamaza, hapana!