Zawadi Ambayo Baba Ataweza Kuimaliza

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumpa mzazi wako zawadi kwa moyo mweupe, kisha ukaona uso wake ukiingia huzuni? Mimi yamenikuta. Nakusimulia ili usirudie kosa langu.

Baba yangu ana miaka 77. Ujanani alikuwa fundi wa ndege za East African Airways pale Embakasi, Nairobi, hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977. Tangu mama yetu alipofariki, alikuwa akishinda barazani na redio yake, mikono imelala mapajani. Sisi wauguzi tunajua jinsi mikono isiyo na kazi inavyomdhoofisha mzee. Nikawaza: mbona nisimtafutie modeli ya plastiki, zile ndege na magari madogo yanayouzwa yakiwa vipande vipande ndani ya boksi, mtu akaunganisha mwenyewe?

Nikamwagiza wifi yangu anayeishi Uingereza. Nilichagua Super VC10, ndege ile ile ambayo Baba aliihudumia. Siku ya kumpa, macho yake yaling'aa alipoiona picha. Kisha akafungua. Vipande vilikuwa vingi, vingine vidogo kama punje za mchele. Rangi hakuna, gundi hakuna, na maelekezo yameandikwa kwa herufi ndogo mno. Alivitazama kwa muda mrefu, akafunika boksi taratibu.

“Mama, hii wape vijana,” akaniambia. “Mimi nimekwisha.”

Akalisukuma chini ya kitanda. Usiku ule sikupata usingizi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye bado ni fundi, kumbe nimemwonyesha asichokiweza tena!

Somo nililopata ni hili: zawadi ya kwanza isichaguliwe kwa uzuri wa picha. Ichaguliwe kwa kuwa mzazi ataweza kuimaliza. Akimaliza moja, ya pili ataiomba mwenyewe. Basi, kabla ya kununua, zingatia mambo haya.

Kwanza, angalia skeli. Ni kama ile ya ramani, nayo huandikwa kwenye boksi. Skeli ya 1/24 maana yake sentimita 24 za gari la kweli zimekuwa sentimita 1. Kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo modeli inavyokuwa ndogo. Gari la Volkswagen Beetle, lenye urefu wa mita 4 hivi, katika 1/24 hutoka na sentimita 17, nalo hushikika vizuri mkononi. Ile Super VC10 yangu ilikuwa 1/144. Ndege ya mita 52 ikawa sentimita 36, na vifaa vyake vidogo vikawa vya kutafutwa kwa kibano.

Pili, angalia ugumu wake. Kampuni ya Revell, kwa mfano, hupanga modeli zake kwa ngazi kuanzia 1, iliyo rahisi zaidi, hadi 5. Anza na 1 au 2. Zipo zinazobanwa kwa vidole tu bila gundi, na plastiki yake tayari ina rangi. Ukitaka ya gundi, tafuta boksi ambalo gundi, rangi chache na brashi vimo ndani. Modeli nyingine nyingi huuzwa bila vitu hivyo, na mzee ataona ameletewa nusu ya zawadi.

Tatu, mpime mzazi wako bila yeye kujua. Anafungaje vifungo vya shati? Anasoma gazeti kwa umbali gani? Kama miwani imepitwa na wakati, anza na miwani. Akilalamika kuwa anaona ukungu, huenda ni mtoto wa jicho, nao hutibika kwa upasuaji. Mikono ikianza kutetemeka, usiseme ni uzee tu. Mpeleke kwa daktari. Kwa vidole vyenye baridi yabisi, chagua vipande vikubwa vichache, naye afanye kazi kwa muda mfupi kisha apumzike.

Nne, fikiria usalama. Gundi ya modeli huyeyusha kidogo uso wa plastiki ili vipande vishikane, na harufu yake ni kali. Mzee afanye kazi dirisha likiwa wazi. Kama ana pumu, mchukulie ile ya kubana tu. Wajukuu wadogo wasisogee mezani, kwa maana watoto humeza chochote. Weka sinia pana yenye kingo ili vipande visianguke, na taa ya mezani.

Tano, chagua kitu anachokijua lakini kisichomdai mengi. Gari alilowahi kupanda litamletea kumbukumbu kama ndege aliyoitengeneza.

Nilikaa miezi mitatu kabla ya kuthubutu tena. Safari hii nilimletea Beetle ya 1/24, ya kubana kwa vidole. Sikumwambia ni dawa ya upweke. Nilimwambia, “Baba, nisaidie, mimi nimeshindwa kusoma maelekezo haya.” Na kweli nilikuwa nimeshindwa! Alivaa miwani, akasogeza kiti dirishani. Siku ya nne alinipigia simu kazini, jambo ambalo si kawaida yake, kuniambia kwamba milango imekaa sawa. Jumapili gari lilikuwa juu ya redio, naye akawa anamsimulia jirani habari za Volkswagen ya bosi wake iliyokwama kwenye matope.

Wiki chache baadaye nilimkuta amelivuta lile boksi la chini ya kitanda. Ndege ile bado haijakamilika. Bawa moja limekaa upande kidogo, naye amekataa katakata nisimguse. “Ngoja, mama,” anasema, “ndege hairuhusiwi kuondoka mpaka fundi atie sahihi.”

Mpenzi msomaji, nami nangoja.